Mto Umechafuliwa, na Nani?

Rafiki yangu mmoja, mshairi, alinikuta Jumamosi nimepiga magoti kando ya Mto Msimbazi, mbele ya turubai lililojaa takataka, natenganisha mirija na pakiti za biskuti pamoja na wenzangu wa kujitolea. Akanicheka. "Hiyo kazi ya karani, bwana. Zoeni mkatupe. Kuhesabu uchafu kunamsaidia nani?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya, jibu ndilo hili.

Tuanze na neno, maana yeye ni mtu wa maneno. Taka: taka hii, taka hizi, iwe moja au milioni, umbo halibadiliki. Ukishakiita kitu taka umekifutia jina na kwao. Halafu sisi waandishi wa habari tunamalizia kazi kwa kauli ya kutendwa: "Mto umechafuliwa." Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Haina mtenda. Mhariri anaipitisha, msomaji anasikitika, na hakuna anayeulizwa swali. Washairi nanyi mna yenu: mto unalia. Sawa, unalia. Unamlilia nani, na kwa kosa la nani?

Sheria haipigi marufuku taka. Inapiga marufuku kitu chenye jina. Machi 2017 vilipigwa marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali. Tarehe 1 Juni 2019 ikafuata mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ulaya mwaka huohuo walitunga sheria yao ya plastiki za kutumika mara moja, na walilenga vitu 10 vilivyookotwa zaidi kwenye fukwe zao. Walivijuaje? Watu waliinama mchangani wakahesabu. Ndo maana tangu Julai 2021 mirija, sahani na vijiti vya pamba vya masikioni vya plastiki haviruhusiwi kuingizwa sokoni kule. Kijiti cha sikio, jamani! Shairi gani liliwahi kukiona?

Kwa hiyo nasema, na najua nitachukiwa: kuzoa bila kuhesabu ni kufagia ushahidi. Tunazijua hizo kampeni. Fulana mpya, mgeni rasmi anashika fagio mbele ya kamera, magunia yanapakiwa kwenye lori, saa nne watu wanagawiwa maji ya chupa. Mvua ya kwanza ikishuka kutoka Pugu, mto umejaa vilevile hadi Daraja la Salenda.

Mtasema tunaifanyia serikali kazi bure. Kweli, na hilo linaniudhi mimi pia. Lakini tukisubiri karani wa serikali ashuke mtoni na kalamu, tutasubiri sana.

Na ukihesabu unaona mambo ambayo huruma haikuoneshi. Pale kwenye turubai chupa za maji zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia. Si kwamba watu wameacha kuzitupa. Waokota makopo wanazidaka kabla hazijafika majini, maana zinauzwa kwa kilo. Vilivyojaa ni vile visivyo na mnunuzi: vifuko vya juisi, pakiti, nailoni nyepesi. Kitu chenye bei kinarudi, kisicho na bei kinakwenda baharini. Hapo kuna sera nzima, nami sikuipata kwenye semina ya hotelini. Niliisoma kwenye karatasi iliyolowa tope.

Dada aliyeshika kalamu alikuwa hapendi kabisa mstari wa mwisho wa fomu, ule wa "Mengineyo". Kila tulipotaka kusukumia kitu humo alikirudisha kwenye turubai. Karibu na mwisho akanyanyua kifuko cheupe kisicho na maandishi, kama vile vya karanga.

"Kaka, hiki tukiiteje?"

Nikasema mfuko. Akakataa. Mfuko wa kubebea umeshapigwa marufuku, akasema. Hiki ni kifungashio, na vifungashio vya bidhaa sheria iliviacha. Akaandika "kifungashio, hakina jina la mtengenezaji", akachora kijistari kimoja, akainama kutafuta vingine. Tulipokunja turubai, vijistari vya safu ile vilikuwa vimefika ukingo wa karatasi na kugeukia upande wa pili.