Kompyuta ya ofisi: Umri wa vitabuni usimtishe mfanyabiashara

Vitabuni kompyuta huzeeka upesi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inaruhusu uchakavu wa asilimia 37.5 kila mwaka kwa thamani inayobaki. Mashine ya Sh. milioni 1 husomeka Sh. 244,000 hivi baada ya miaka mitatu.

Mwenye duka anayeiuza kwa sababu hiyo anajitia hasara. Mashine inayosuasua mara nyingi hudai diski ya SSD na kumbukumbu zaidi, basi.

Kinachoimaliza hasa ni programu. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele, ukiacha chache za kizazi cha saba. Kwa hiyo mtumba wa kizazi cha sita, hata uuzwe kwa bei ya kutupa, ni ghali kwa ofisi inayotunza humo hesabu za wadaiwa wake. Wauzaji hutangaza ukubwa wa diski. Kizazi cha prosesa hukitaja wakiulizwa. Mnunuzi aulize kabla hajatoa fedha.