Neno la juma: "lack"

Wengi wetu tuko na watoto wa sekondari, na jioni wanatufungulia daftari la Kiingereza. Juma hili tunatazama neno moja dogo lenye kuwasumbua: "lack". Linasomwa "lak". Maana yake ni kukosa, au ukosefu.

Taabu inatoka kwa Kifaransa. Mtoto aliyezoea "il me manque de l'argent" ataandika kwamba pesa ndizo zinamkosa, na mwalimu atamchorea nyekundu. Mwambieni afuate Kiswahili chetu: nimekosa pesa, "I lack money". Mtu anatangulia, kitu kinafuata. Likiwa jina ndipo linataka "of": "lack of water", ukosefu wa maji. Tena achunge herufi, maana akiandika "luck" amesema bahati!

Hilo ni la shule. Linalotugusa zaidi ni la kituo cha afya. Kwetu, kukosa kuna sura mbili: kutokuwa na kitu, na kufanya kosa. Ndiyo maana mama akiambiwa "mtoto wako anakosa damu", anainamisha kichwa kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza. "Lack" haimshitaki mtu hivyo. Na kwa mambo ya chakula na damu Kiingereza kina neno lingine, "deficiency", kwa Kifaransa "carence", yaani upungufu: mara nyingi kitu kipo, ila hakitoshi. "Iron deficiency" ni upungufu wa madini ya chuma, na kilichopungua huongezwa: maharagi, lenga-lenga, sambaza, maini yakipatikana. Chai tuiweke mbali na saa ya chakula, kwa sababu inazuia mwili kuchukua chuma hicho. Kwa upungufu wa vitamini A tunayo mawese yetu mekundu, mradi tusiyachome mpaka yawe meupe. Ule wa iyodi, unaoleta uvimbe wa shingo, unazuiwa na chumvi yenye iyodi.

Mtoto mwenye viganja vyeupe, anayechoka na kuacha michezo, apelekwe kwa muuguzi; tusimtibu kwa lenga-lenga peke yake. Na sisi tunaopokea wenzetu kwenye mizani, tuseme: "Mama, damu ya mtoto imepungua." Atainua kichwa na kuuliza ampe chakula gani.