PIKAPU IMELALA UPANDE: NANI ALIPE SPRINGI?



Kutoka Ruiru mpaka Thika, katika mashamba ya kahawa, machimbo ya mawe na maduka ya vifaa vya ujenzi, ziko pikapu nyingi kuukuu zinazokwenda zimelala upande mmoja nyuma, kama mtu aliyeumia kiuno. Sisi twazijua, kwa kuwa ndizo tunazoendesha, tunazopakia na tunazosukuma zikikwama. Tumezizoea hata hatuzitazami tena. Lakini iko siku tajiri huzitazama. Huzunguka gari mara moja, hunyosha kidole na kusema: "Dereva ameharibu springi. Akatwe mshahara."

Ndivyo alivyotendewa mwenzetu mmoja, dereva wa shamba moja upande wa Ruiru. Gari lile lilikuwa limefanya kazi miaka mingi kabla yeye hajaandikwa. Siku ile upande wa kushoto ulionekana umeshuka. Hakuna aliyeinama kuchungulia chini. Hakuna aliyeleta hata futi ya kupimia. Karani aliandika, na bei ya springi ikatolewa katika mshahara kwa mafungu matatu. Mafungu hayo yalikuwa unga wa nyumbani na karo ya mtoto.

Sisi twasema: kupima kwanza, kulaumu baadaye. Thika ni mji uliojengewa kiwanda cha kuunganisha magari katika miaka ya 1970. Mafundi wako, gereji ziko. Haiwezekani katika mji kama huo ikosekane futi moja ya kuokoa mshahara wa mtu.

Kila dereva na kila taniboi ajue namna ya kupima:

1. Toa mzigo wote. Simamisha gari mahali palipo sawa kabisa. Tia upepo sawa katika tairi za kushoto na kulia, na uangalie kama tairi zote ni za kipimo kimoja. Mara nyingine ugonjwa wote ni tairi.

2. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne, uandike. Ukipima kutoka chini ardhini, tairi itakudanganya.

3. Pima pia nafasi kati ya ekseli na chesisi, kushoto na kulia. Ikiwa nafasi hizo ni sawa lakini bodi imeinama, springi hazina kosa. Angalia bolti zinazoshika bodi.

4. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, kisha inua mbele kwa jeki iliyowekwa katikati kabisa, mpaka tairi za mbele ziache ardhi kidogo. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Sasa tazama nyuma. Ikiwa nyuma imenyoka, ugonjwa uko mbele, na springi ya nyuma ilikuwa inasingiziwa. Ikiwa bado imelala, ugonjwa uko nyuma.

5. Gari likisha kushushwa, chunguza springi zenyewe. Hesabu vyuma vya kila upande. Angalia kama kipo kilichovunjika, kama mgongo wa springi moja umelala kuliko wa pili, kama bushi zimekwisha, kama bolti zinazofunga springi kwenye ekseli zimelegea.

Tena tusidanganywe na shokapu. Kazi ya shokapu ni kutuliza mrusho. Mzigo hubebwa na springi. Mtu akibadilisha shokapu za kawaida ili kunyosha gari lililolala, ametupa fedha.

Sasa tuje kwenye ushahidi mkubwa, nao ni kutu. Chuma cha springi mara nyingi hakivunjiki kwa siku moja. Huanza ufa mdogo, nao hukua kila gari linapoyumba, mpaka siku ya mwisho. Fundi akikifungua, atazame pale kilipokatika. Ikiwa sehemu moja ni nyeusi au ina kutu na sehemu nyingine yang'aa, basi ufa ulikuwako tangu zamani, na ile inayong'aa ndiyo iliyokatika juzi. Je, dereva wa juzi ataulizwaje habari ya ufa wa zamani? Kwa hiyo chuma kilichovunjika kisitupwe wala kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Kiwekwe mpaka shauri liishe.

Na mzigo je? Tuhesabu pamoja. Gunia la mbolea ni kilo 50. Pikapu ya tani moja ikipakiwa magunia 24 huko Thika, hizo ni kilo 1,200, na bado hatujawahesabu vibarua wanaoketi juu ya magunia. Nani aliyeandika magunia 24 katika karatasi ya mzigo? Si dereva. Tena barabara zetu huinama kuelekea ukingoni ili maji yateremke, na ukingo wetu ni wa kushoto. Huko ndiko yaliko mashimo, na huko ndiko uzito unakoegemea kila siku. Springi ya kushoto ikichoka mbele ya mwenzake, huo ni uchakavu wa kazi, nao ni gharama ya mwenye gari.

Hatusemi kwamba dereva hakosi kamwe. Anayeruka matuta kwa kiburi atajibu, na chama hakitamficha. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi amekosa kwa makusudi. Makusudi, ndugu! Uzee wa chuma si makusudi ya mtu.

Wako matajiri wanaotafuta njia ya mkato: kuongeza chuma kimoja upande ulioshuka, gari lionekane limenyoka, mzigo uendelee ule ule. Sisi hatukubali. Springi zitengenezwe au zibadilishwe mbili pamoja, kushoto na kulia. Bolti za springi zikilegea, ekseli huweza kuhama, na gari likiacha njia, wanaoanguka ni vibarua walioko nyuma.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, kila Jumamosi vipimo vya gari viandikwe katika kitabu cha gari, na dereva na msimamizi watie sahihi. Pili, mtu asikatwe hata senti moja kabla gari halijapimwa mbele ya mjumbe wa chama. Tatu, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inataka iwepo kamati ya usalama. Shauri la magari yaliyolala lipelekwe huko kabla halijaleta msiba.

Yule mwenzetu wa Ruiru alikatwa kwa sababu siku ile alisimama peke yake mbele ya meza ya karani. Dereva mwingine akiitwa mbele ya meza hiyo, aende na mjumbe wake, na vipimo vyake, na kile chuma chenye kutu mkononi.

UMOJA NI NGUVU.