Mafunzo ya televisheni: mtoto wa kijijini atajulikanaje?

Televisheni kubwa nchini, kama ITV ya Mikocheni na Azam ya Tabata, zina makao Dar es Salaam. Mwanafunzi wa mkoani anayekwenda huko kwa mafunzo kwa vitendo hujilipia nauli na chumba, mara nyingi bila posho. Mwenye shangazi mjini hukaa hadi akajulikana. Asiye naye hurudi mapema. Tunaona ajira nyingi hupotelea hapo, si darasani.

Lakini kujuana si kumzoea mtangazaji maarufu tu. Mpiga picha, mhariri na dereva wa gari la habari ndio wanaojua nani huwahi na nani anategemeka. Mzazi, kijana akirudi, mwambie atunze namba zao. Mafuriko yakikumba kijiji, chumba cha habari kitamtafuta aliye karibu.