Tani tano juu ya jiwe la barabarani

Msimu wa kununua pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na kuanzia hapo malori yenye matela huiacha lami ya Mwigumbi–Maswa–Bariadi na kufuata njia za udongo kwenda kwenye maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vijijini. Njia hizo hukatiza mbugani. Kwa Msukuma, mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni, unaonata kama ulimbo ukilowa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono ukikauka. Pancha ikitokea hapo, utingo hushusha jeki, kisha huanza kuzunguka akitafuta cha kuitandikia: jiwe, kipande cha tofali, gogo la kuni. Mazoea hayo ndiyo ninayoyapinga. Kinachokaa chini ya jeki, au chini ya miguu ya tela lililoachwa bila kichwa, ni kifaa cha gari sawa na jeki yenyewe. Kinapaswa kuchaguliwa kabla ya safari, kwa kuufikiria udongo wa huko gari liendako.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, ekseli moja yenye matairi manne haitakiwi kuzidi tani 10. Ukiinua upande mmoja wa ekseli hiyo gari likiwa limejaa, jeki inabeba karibu tani 5. Chukua jeki ambayo kitako chake kina sentimita 12 kwa 12: kila sentimita ya mraba inaikandamiza ardhi kwa kilo 35 hivi. Mtu mzima wa kilo 70 akisimama kwa miguu miwili hafikishi hata robo ya kilo kwa eneo hilohilo, na bado mbuga iliyolowa humzamisha hadi kwenye vifundo. Tandika chini ya jeki hiyo ubao mgumu wa sentimita 50 kwa 50, na kilo 35 zinashuka hadi 2. Mzigo ni uleule, ila umetawanywa.

Na jeki ikizama haiendi chini wima. Upande mmoja wa kitako hutangulia, jeki inainama, kichwa chake kinateleza kwenye ekseli, na gari linashuka pale alipochuchumaa mwenye spana. Mwezi Mei na Juni mbuga hudanganya: juu pamekauka pagumu kama sakafu, lakini ukichimba kidogo tu unakuta unyevu. Kwenye luseni, ule udongo wa kichanga, matope si shida kubwa, ila mchanga hukimbilia pembeni ukikandamizwa na kitu chembamba. Kwa luseni na mbuga iliyokauka sawasawa, ubao niliousema unatosha. Wakati wa mvua hautoshi. Hapo boriti zipangwe kwa kupishana, safu juu ya safu, mpaka safu ya chini ifunike kama mita moja ya mraba. Ikishindikana, mzigo upunguzwe kwanza au gari livutwe hadi penye ardhi ngumu.

Kwa nini mbao, na si jiwe au tofali ambavyo navyo ni vigumu? Kwa sababu ya namna vinavyovunjika. Tofali la saruji hubeba kimya, kisha hupasuka ghafla mzigo ukiegemea sehemu moja. La kuchoma nalo hupasuka vivyo hivyo. Jiwe huenda lisipasuke, lakini mgongo wake ni wa mviringo, jeki haipati pa kutulia, na likisukumwa upande linabiringika. Mti mgumu huanza kulia na kubonyea kabla haujashindwa, na mwenye masikio anapata nafasi ya kutoka. Uwe na unene wa sentimita 8 hivi, maana ubao mwembamba hupinda, na ni pale katikati tu panapofanya kazi. Mbao laini za paini zisitumike peke yake. Mpira wa tairi kuukuu hunywea na kurudi, kwa hiyo jeki haitulii juu yake. Wapo watakaoyakumbuka mataruma ya reli inayopita Malampaka: yale ni mali ya umma, na kung'oa taruma ili kuokoa lori ni kuhatarisha treni nzima.

Madereva wazoefu watasema wametumia mawe miaka yote na hawajaumia. Ni kweli, lakini anayesimulia hivyo ni yule aliyepona. Tena hoja ya kwamba jiwe ni la bure inasahau jambo moja: katikati ya mbuga mawe hakuna. Panapohitajika sana ndipo pasipopatikana, na utingo anaishia na kipande cha kuni. Wengine watasema siku hizi lami ipo. Lami ipo, lakini maghala mengi ya pamba hayako juu yake, na lami yenyewe hulainika kwa jua la mchana kiasi cha kuachiwa mashimo na miguu ya tela lililojaa.

Hoja nzito ni ya gharama, kwa sababu miti migumu Usukumani si mingi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianzishwa mwaka 1986, enzi Maswa ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, kwa sababu ardhi ilikuwa inabaki uchi. Hata hivyo ubao mmoja na boriti chache hukaa kwenye gari miaka mingi, na bei yake haikaribii ya tairi moja la lori. Gharama hiyo asitozwe utingo, ambaye mara nyingi hana hata mkataba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuifanya kazi iwe salama, na chini ya ekseli ni mahali pa kazi.

Wenye malori mnaojiandaa kwa pamba: kabla gari halijatoka, fungeni ubao na boriti hizo pembeni mwa jeki, pamoja na stendi mbili za chuma za kushika ekseli ikishainuliwa. Na dereva asikubali mtu aingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.