Ndege kwanza, baa pili, shule mwisho

Ukitaka kuwasha moto ndani ya matatu ya 46 kutoka tao, achana na stori za Raila na Ruto. Sema tu, kwa sauti ya kumfikia abiria wa kiti cha nyuma, kwamba Magufuli alikuwa sahihi kuhusu corona. Kabla mfike Yaya mtakuwa na kambi tatu. Kuna atakayekwambia jirani zetu walikula raha huku sisi tukikimbizwa na makarao. Kuna atakayekuuliza kwa hasira Magufuli mwenyewe yuko wapi leo. Na hakosi yule msomi wa kando ya dirisha, wa kusema tungefanya kama Rwanda mambo yangekuwa sawa. Makanga hana kambi. Yeye anataka nauli, tena ikiwa imehesabiwa.

Mjadala huu ulirudi kwa nguvu Ijumaa ya Machi 11, 2022, Waziri Mutahi Kagwe alipotangaza kwamba si lazima tena kuvaa barakoa ukiwa nje. (Wengi wetu tulikuwa tunazivaa kidevuni tangu zamani, lakini siku hiyo ikawa halali.) Ilikuwa miaka miwili kasoro siku mbili tangu kisa cha kwanza kutangazwa hapa nchini, na kila mtu akaanza kugawa alama: nchi gani ilipita mtihani, gani ilifeli.

Shida yangu ni kwamba tunasahihisha mtihani kwa swali moja tu, yaani nani alifunga na nani hakufunga. Mimi nakuomba uangalie mambo mawili mengine. Yule aliyeambiwa akae nyumbani alipewa nini? Na siku mlango ulipofunguliwa, nani alipita kwanza?

Tuanze na sisi wenyewe. Kafyu ya kwanza iliingia Machi 27, 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Hebu mfikirie aliyechagua saa hiyo. Huyo ni mtu mwenye gari na dereva. Msee wa mjengo kule Kilimani huachiliwa saa kumi na moja jioni, na wakati huo matatu za abiria 14 zilikuwa zimeagizwa kubeba wanane, kwa hivyo foleni stejini ilikuwa ndefu na nauli ilikuwa juu. Wengi walimaliza safari kwa miguu, Ngong Road mzima, wakiangalia saa kama wanafunzi waliochelewa.

Jioni hiyo ya kwanza kabisa, kabla hata saa ya kafyu kufika, polisi walikuwa wameshawacharaza na kuwarushia vitoa machozi watu waliokuwa wakisubiri feri kule Likoni. Siku tatu baadaye mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Kufikia mapema Juni, IPOA, ile mamlaka inayochunguza polisi, ilikuwa imehesabu vifo 15 vilivyohusishwa na maafisa wakitekeleza kafyu. Wakati huo vifo vya corona vilivyotangazwa nchi nzima havikuwa vimefika 100. Weka nambari hizo mbili pamoja halafu uniambie ugonjwa wenyewe ulikuwa upi.

Tulipewa nini sasa? Si kwamba hatukupewa kitu, tusiwe wabaya. Tangu Aprili 2020 ushuru wa bidhaa, ile VAT, ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 akaondolewa kodi. Poa sana, kama una mshahara. Mama mboga wa Kangemi hakatwi kodi ya mshahara, kwa hivyo hawezi kuondolewa. Kilichomfikia yeye kweli ni M-Pesa kutuma bila malipo kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Hiyo nawapa alama zote. Lakini mwezi huo huo serikali ilisimamisha uagizaji wa mitumba, na haikuuruhusu tena hadi Agosti. Kama unauza jeans Toi au pale soko la Kawangware, hukufungiwa duka, ulifungiwa bidhaa. Kelele zako hazikusikika mbali.

Halafu kuna Kazi Mtaani. Vijana walilipwa shilingi 455 kwa siku kuzibua mitaro na kufagia. Najua kuna wanaoicheka. Mimi siicheki, kuna keja nyingi zilizolipiwa kodi na ile doo. Kulikuwa pia na pesa za kutumiwa familia masikini kwa simu, shilingi 1,000 kwa wiki. Human Rights Watch walizifuatilia na mwaka 2021 wakaripoti kwamba ni sehemu ndogo tu ya familia za mitaa ya mabanda hapa Nairobi zilizozipata, na kwamba kujuana kulikuwa na mkono wake. Uliza mtaani kwako ni nani alipokea. Utajibiwa kwa kicheko. Na kabla vumbi litulie, Agosti 2020, tukaanza kusikia habari za KEMSA na zile zabuni za barakoa na magwanda ya madaktari. Mkaguzi mkuu alipozichambua, ununuzi uliozua maswali ulikuwa wa shilingi bilioni 7.8.

Sasa mlango. Julai 6, 2020 Rais Uhuru aliondoa vizuizi vya kuingia na kutoka Nairobi, wale polisi wa Rironi na Ngong wakafunga virago. Kesho yake Waziri Magoha akatangaza kwamba shule hazitafunguliwa hadi Januari 2021, na kwamba mwaka huo wa masomo uhesabiwe umepotea. Agosti 1 ndege za kimataifa zikaanza kutua tena JKIA. Mwisho wa Septemba baa zikafunguliwa. Oktoba 12 ndipo Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne wakarudi darasani. Waliobaki walingoja hadi Januari 4. Ndege, baa, shule. Kwa mpangilio huo.

Nawasikia watakaosema ndege zinaleta watalii, na baa zina wahudumu wanaohitaji kula. Sibishi. Nimeona wahudumu wa Westlands wakiuza mayai boilo kando ya barabara miezi ile, na hakuna aliyekuwa anacheza. Lakini usiniambie hatukuwa na uwezo wa kufungua kitu kikubwa. Tulikuwa nao, tukautumia kwingine. Mtoto wa Lavington alisoma kwa kompyuta, mwalimu akimwona usoni. Wa Congo, Kawangware, dakika kumi tu kwa miguu kutoka kwa huyo mwenzake, alishinda nje kwa miezi saba, tisa. Hata vyuoni ilikuwa hivyo. Mimi ni mmoja wa ambao hawakurudi: masomo yalihamia mtandaoni, karo ikabaki ile ile, na data ikawa inashindana na unga. Najua wasomaji wa ukurasa huu ambao stori yao ni hiyo hiyo.

Ndio maana siwezi kumcheka Mtanzania haraka. Angalia kalenda yao. Vyuo na Kidato cha Sita vilirudi Juni 1, 2020, shule zote zikafunguliwa Juni 29. Ligi yao ya kandanda ilirejea mwezi huo wa Juni, wakati sisi tulikuwa tumeshaikatiza yetu na kuwapa Gor Mahia kombe mezani. Mama ntilie wa Kariakoo hakukimbizwa na mtu saa moja jioni. Ukiangalia nani alipita mlangoni kwanza, Tanzania ilitushinda, na anayekataa hilo ana siasa zake.

Ila kuna bei waliyolipa, na haikuandikwa kwenye risiti. Aprili 29, 2020 serikali yao ilitoa takwimu za mwisho: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo, kimya. Siku chache baadaye Rais Magufuli alieleza taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri, majibu yakarudi kwamba zina corona, na mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Wote tulicheka, mimi pia. Lakini nchi iliendelea zaidi ya mwaka bila kujua ni wangapi wanaugua. Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki baada ya chama chake kutangaza kwamba ana corona. Siku chache tu baadaye Waziri wa Fedha Philip Mpango alitokea mbele ya wanahabari Dodoma kuthibitisha kwamba yuko hai, akikohoa mbele ya kamera. Magufuli naye alifariki Machi 17. Serikali ilisema ni moyo.

Na hapo ndipo wa kambi ya kwanza ndani ya matatu hunyamaza. Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu Aprili, na Julai 28, 2021 akachanjwa hadharani, kamera zikiwaka. Nchi ni ile ile, watu ni wale wale, chama ni kile kile. Sasa Tanzania gani ndiyo ilikuwa sahihi? Mtu aliyeachwa huru atembee lakini akanyimwa habari, ameachwa huru nusu. Huwezi kuamua kama umpeleke bibi yako kanisani ikiwa hujui kanisani kuna nini.

Uganda ni kinyume chake, na ndiyo inaniuma kuliko zote. Museveni alifunga mapema na kwa nguvu: usafiri wa umma ukasimama, kisha magari ya kibinafsi, kafyu pia. Alitoa kitu, walau mwanzoni. Posho na maharagwe viligawiwa Kampala na viunga vyake, nyumba kwa nyumba. Akapiga na push-up ikulu bila viatu, video tukaitumiana hapa hadi ikachoka. Lakini shule zilizofungwa Machi 2020 zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022. UNESCO walihesabu wiki 83 za kufungwa, kabisa au kwa sehemu, hakuna nchi duniani iliyozidisha. Watoto takriban milioni 15. Baa zao zilingoja wiki mbili zaidi, kwa hivyo angalau mpangilio wao ulikuwa na aibu kidogo kuliko wetu. Ila miaka miwili! Aliyeacha shule akiwa na miaka 13 wakati huo alikuwa na 15, na alikuwa anaendesha boda, au ana mtoto.

Rwanda nitaipitia haraka, kwa sababu yule msomi wa dirishani ameshaisifu vya kutosha. Ni kweli walifunga kabla yetu, Machi 2020, wakagawa chakula Kigali, wakaweka mabomba ya kunawia mikono vituoni, na hata roboti hospitalini. Ni kweli pia kwamba waliovunja kafyu walikesha kwenye viwanja vya michezo wakisikizwa mahubiri ya afya. Ile nidhamu tunayoitamani ina mwenyewe, na hapendi kuulizwa maswali. Ukiitaka, itake yote. Na usiniletee New Zealand. Wale wana bahari pande zote, sisi tuna Namanga, Busia na Malaba.

Hata nambari zenyewe hazitusaidii sana kumaliza ubishi. Vifo vilivyotangazwa hadi Machi 2022 vilikuwa zaidi ya 5,600 Kenya, karibu 3,600 Uganda, chini ya 1,500 Rwanda, na takriban 800 Tanzania. Ukisoma hiyo orodha kama jedwali la ligi, Tanzania ndio mabingwa. Lakini hao ndio waliofunga daftari mwaka mzima. Anayehesabu ndiye anayeonekana ana wafu wengi. Kenya walau ilituhesabia kila alasiri, Kagwe akitugombeza, na hilo nalihesabu kama zawadi. Ni kwa sababu ya zile nambari ndio leo tunaweza kubishana.

Mimi alama zangu nazigawa hivi. Shule, Tanzania. Kusema ukweli kuhusu ugonjwa, Kenya na Rwanda. Chakula mlangoni, Rwanda, na Uganda kwa ile miezi ya kwanza. Kafyu yetu ya miezi 19, hadi ilipoondolewa Mashujaa Dei 2021 kule Kirinyaga, haipati kitu. Wanasiasa walijaza viwanja wakipigia debe BBI wakati makanisa yamewekewa masharti, halafu Machi 2021 wakatufungia tena Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru kana kwamba ni sisi tuliokuwa kwenye zile jukwaa.

Wakati wa kampeni watakuja mtaani kwako na vipaza sauti na leso. Wengi wao walikuwa serikalini au bungeni miaka hiyo miwili, upande wowote unaoutaka. Sijasikia hata mmoja akiongea kuhusu corona isipokuwa kulaumu mwenzake kwa pesa za KEMSA. Kwa hivyo akisimama pale 56 au stejini Kangemi, muulize: likija lingine, shule inafunguliwa kabla ya nani? Mtu wa mjengo anatumiwa shilingi ngapi siku ya kwanza ya kafyu, na anaipata vipi bila kujuana na chifu? Polisi watakuwa na amri gani saa moja jioni, matatu zikiwa hazijafika?

Akianza kukuelezea barabara aliyojenga, mkatize.