Kompyuta Ikigeuka Buluu, Andika Kwanza

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani, safari hii hatusemi juu ya kofia wala viatu. Tunasema juu ya kompyuta, ile ambayo wengi wetu tunaiita ordinatere. Asubuhi inafanya kazi vizuri, halafu ghafla kioo kinageuka buluu, maandishi meupe yanatokea, na mashine inajiwasha upya. Kesho tena. Keshokutwa tena. Mwenye kazi anangoja, anaendelea. Wengine husema ni virusi. Wengine huipeleka kwa fundi, naye anafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Analipwa, picha za watoto na hesabu za duka zimepotea, na baada ya juma moja buluu imerudi palepale!

Mimi nasema kufuta kila kitu bila kujua chanzo siyo matengenezo. Jiwe likianguka mara tatu mahali pamoja chini ya ardhi, hakuna sefu wa zamu atakayetosheka kufagia njia. Atauliza dari ina nini. Mbona mashine ya mezani hatuiulizi?

Kioo kile si adui. Windows imeona kosa kubwa ndani yake, ikajisimamisha isije ikaharibu zaidi. Kabla ya kuzima inaonyesha neno la kosa, na mara nyingi inaacha faili ndogo katika folda iitwayo Minidump, ndani ya folda ya Windows. (Mwaka 2025 Microsoft ilianza kuigeuza rangi hiyo kuwa nyeusi katika Windows 11. Msishangae, ugonjwa ni uleule.) Neno hilo ndilo tunalolipuuza. Lipigwe picha kwa simu, kisha liandikwe katika daftari pamoja na siku, saa, programu iliyokuwa wazi na kifaa kilichokuwa kimechomekwa.

Baada ya mara tano au sita, daftari linaanza kusema. Neno likiwa lilelile, pamoja na jina la faili linaloishia na .sys, tazameni kwanza programu ndogo inayoendesha printa au kifaa kingine kilichoongezwa karibuni. Maneno yakibadilika ovyo, leo hili kesho lile, shukuni kumbukumbu ya mashine. Mkiona WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, mara nyingi shida iko katika vyuma vyenyewe, au joto, au umeme.

Umeme tuutenge kando. Hapa Bisie tunaishi kwa jenereta, katikati ya msitu. Mashine ikizimika puu, bila buluu yoyote, ulizeni kwanza jenereta, waya na kisanduku cha batri. Hiyo ni kesi nyingine, nayo iandikwe kwa jina lake.

Joto na unyevu ndivyo ninavyovishuku zaidi katika mazingira yetu. Vumbi linaziba feni, na mashine inapika ndani kwa ndani. Mwezi wa Machi 2025 vita vilipofika upande wa Walikale, mgodi ulisimama, na kazi ikaanza kurudi Aprili. Mashine iliyokaa wiki nzima bila kuwashwa katika hewa ya msitu inastahili kufunguliwa na kusafishwa kabla ya mtu kuisingizia virusi. Tena, vipande vya ndani vimeshikwa kwa lehemu, na lehemu ya leo kwa sehemu kubwa ni bati, mali ileile tunayoitoa hapa: zaidi ya tani 17,000 mwaka 2024. Lehemu inayopata joto na kupoa kila siku kwa miaka inaweza kupasuka nyufa ndogo. Mashine ya namna hiyo inaamka nzima asubuhi na kuanguka saa nane mchana. Sasa mnaona kwa nini nataka saa iandikwe?

Basi nakilini kazi zenu kwenye flashi kabla ya lolote. Zimeni, chomoeni umeme, toeni kipande cha kumbukumbu, safisheni meno yake, mkirudishe. Kisha andikeni mdsched mahali pa kutafutia programu, na mashine itajipima kumbukumbu yake yenyewe. Badilisheni kitu kimoja tu kila mara. Mkibadilisha vitatu pamoja, hata ikipona hamtajua kilichoiponya.

Tena msidhani kila buluu ni vumbi. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani ziligeuka buluu kwa sababu ya faili moja mbovu ya kampuni ya CrowdStrike, inayouza programu ya ulinzi. Ndege zilikwama, hospitali zikaahirisha kazi. Haikuwa virusi. Dawa ilikuwa kuiwasha mashine kwa hali ya usalama na kuiondoa faili ile moja. Aliyefuta kila kitu alijitia hasara bure.

Liko jambo ambalo sitalilegeza. Popote mashine inapotunza majina ya walioshuka, karatasi na ubao wa vibao visiondolewe. Karani ambaye kioo kimemgeukia wakati wa kubadilishana zamu atashawishika kuandika majina kwa kukumbuka. Na akisahau mmoja? Mama anayengoja simu kule Walikale au Goma hataelezwa habari za Windows. Mashine iliyoanguka mara mbili katika juma moja itoke kwenye meza hiyo siku ileile, kama tunavyotoa kipimo cha hewa kinachodanganya, hata kama ni mpya, hata kama sefu anaipenda.

Daftari lifungwe kwa kamba kando ya mashine. Na kalamu nayo ifungwe, maana kalamu za ofisini zina miguu.